Pantoni na Daraja: Namna ya Kubadili Hifadhidata Bila Kusimamisha Kazi

Mtu aingiaye katika hospitali ya Kinyonga, pale Kilwa Kivinje, au katika zahanati yoyote ya pwani ya Lindi, hukutana kwanza na daftari. Ni daftari kubwa linalojaza meza, lenye safu zilizopigwa chapa tangu kiwandani. Kila mstari ni mgonjwa mmoja, na kila safu ni jambo moja linaloulizwa: namba, tarehe, jina, umri, jinsi, mahali atokako, ugonjwa, dawa. Madaftari haya ni sehemu ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao umetumika nchini Tanzania tangu miaka ya 1990. La wagonjwa wa nje hujulikana kuwa ni Kitabu Namba 5, la wajawazito Namba 6, na la wodi ya wazazi Namba 12.

Tuseme kwamba siku moja linatakiwa jambo jipya ambalo wachapaji hawakuliwekea nafasi, mathalani kama mama mjamzito amekwisha kupewa chandarua. Karani huchukua rula, huchora safu nyembamba pembeni mwa ukurasa, huandika kichwa chake kwa kalamu, na kazi huendelea. Kurasa za mwezi uliopita hubaki kama zilivyokuwa. Hakuna azigusaye, na yeyote azifunguaye huona mara moja kwamba siku zile swali hilo halikuwa likiulizwa. Pamoja na udhaifu wake wote, karatasi ina fadhila hiyo: haidai kwamba yaliyopita yafanane na yaliyopo.

Hifadhidata ya kompyuta haina fadhila hiyo. Ndani yake pia mna majedwali yenye mistari na safu, lakini jedwali moja huwa na umbo moja tu kwa wakati mmoja, nalo ni umbo la mistari yote, ya jana na ya miaka kumi iliyopita. Anayeongeza safu huiongeza katika kurasa zote kwa mpigo. Anayefuta safu huifuta katika kurasa zote, pamoja na yote yaliyoandikwa ndani yake. Tena, jedwali halisomwi na macho ya karani ambaye akiona kichwa kimebadilishwa kutoka «Umri» kuwa «Miaka» ataelewa bila kuambiwa. Linasomwa na programu. Programu iliyofundishwa kutafuta safu iitwayo «umri», ikiikosa, haitafuti mbadala wake. Husimama papo hapo, na dirisha la mapokezi husimama pamoja nayo.

Makala haya yanahusu kazi hiyo ya kubadili umbo la hifadhidata ambayo inatumika, saa ile ile watu wakiwa wamejipanga mbele ya dirisha. Ni kazi ambayo watengenezaji wa programu huifanya kila juma, na ambayo wengi wao wamejifunza baada ya kuumia.

Umbo hili la majedwali lilipendekezwa na Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1970. Shabaha yake ilikuwa kwamba mtumiaji asilazimike kujua jinsi data zilivyopangwa ndani ya mashine, ili mpangilio huo uweze kubadilishwa bila kuvunja programu zinazoutegemea. Kwa kadiri kubwa alifaulu. Leo mwandishi wa programu hajui, wala hana haja ya kujua, jina la mgonjwa limekaa sehemu gani ya diski. Lakini majina ya majedwali na safu anayajua, na anayaandika ndani ya programu yake mara mia. Hapo ndipo fundo lilipobaki.

Kwa muda mrefu njia ya kulifungua fundo hilo ilikuwa ni kusimamisha kazi. Tangazo lilitolewa kwamba Jumamosi usiku mashine haitapatikana, mafundi walikesha, hifadhidata ilibadilishwa, programu mpya ikawekwa, na alfajiri milango ilifunguliwa kwa dua. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza iliwahamisha wateja wake wote kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya katika mwisho wa juma mmoja. Milango ilipofunguliwa, wateja wapatao milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuzifikia akaunti zao kwa njia ya kompyuta au simu, na shida hiyo iliendelea kwa majuma. Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Ubaya wa mbinu ya usiku mmoja ni kwamba makosa yote hujitokeza kwa pamoja, saa ambayo watu wamechoka, na njia ya kurudi imekwisha kubomolewa.

Hospitali nayo haina Jumamosi usiku. Mama mwenye uchungu hangoji mashine ipone.

Wakazi wa Kilwa wana mfano mzuri zaidi, nao ni wa Rufiji. Hadi mwaka 2003, aliyesafiri kwa gari kutoka Kilwa kwenda Dar es Salaam alivuka mto huo kwa pantoni pale Ndundu, na pantoni ikiharibika au maji yakijaa alilala ng'ambo. Kisha likajengwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970. Miaka yote ya ujenzi pantoni iliendelea kuvusha. Hakuna aliyefikiri kuiondoa kwanza ili kuwapisha mafundi, wala hakuna aliyetaka daraja lijengwe usiku mmoja. Vitu viwili vilikuwapo mtoni kwa pamoja, kimoja kikifanya kazi na kingine kikijengwa. Magari yalipoanza kupita juu, pantoni ikapumzika. Jambo hilo ni la wazi kwa kila abiria. Ajabu ni kwamba katika kazi ya kompyuta lilichukua miaka mingi kukubalika.

Hebu tulifuate katika mfano mmoja mpaka mwisho wake. Jedwali la wagonjwa lina safu ya umri, kama lilivyo daftari. Lakini umri ni data inayochacha: mtoto aliyeandikwa kuwa na miaka 3 mwaka 2019 bado ana miaka 3 katika jedwali hadi leo. Kwa mtoto mchanga hali ni mbaya zaidi, maana umri wake kwa miaka ni sifuri, ilhali chanjo zake huhesabiwa kwa majuma na miezi: juma la 6, la 10 na la 14, kisha surua na rubela katika mwezi wa 9 na wa 18. Kwa hiyo inaamuliwa kwamba badala ya umri iwekwe tarehe ya kuzaliwa.

Fundi mwenye haraka ataandika amri moja ya kuigeuza safu ya zamani kuwa mpya. Fundi mwenye busara huanza kwa kuongeza. Huongeza safu ya tarehe ya kuzaliwa pembeni, ikiwa tupu, na huiruhusu ibaki tupu. Safu ya umri haiguswi. Programu iliyopo haijui hata kidogo kwamba kuna kitu kipya, nayo inaendelea na kazi.

Hata hatua hiyo ndogo ina mtego wake, na inafaa tusimame hapo kidogo. Hifadhidata hulinda majedwali yake kwa kufuli. Wanaosoma wanaweza kusoma pamoja bila kuzuiana, na wanaoandika mistari mbalimbali nao huendelea. Lakini anayetaka kubadili umbo la jedwali hudai alishike peke yake. Katika PostgreSQL, hifadhidata itumiwayo na mifumo mingi ya afya, amri ya kuongeza safu hudai kufuli la namna hiyo. Kazi yenyewe huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Sasa fikiria kwamba saa ile mtu wa takwimu yumo ndani anatayarisha ripoti ya robo mwaka, akisoma jedwali zima, na atachukua dakika kumi na tano. Anayetaka kuongeza safu hana budi kumngoja. Na kwa kuwa hifadhidata hufuata foleni kwa haki, wote wanaokuja nyuma yake, hata wale wanaotaka kusoma mstari mmoja tu, nao hungoja. Hapo karani wa mapokezi humwambia mzee aliyetoka Singino, «Shikamoo mzee, tuvumilie kidogo, mashine imeganda,» naye mzee huitikia marahaba na kurudi kwenye benchi. Mashine haikuganda. Mtu wa takwimu anasoma kwa upole, fundi anangoja kwa subira, na dazeni ya watu wamejipanga nyuma ya mtu ambaye mwenyewe hafanyi lolote.

Dawa yake ni nyepesi, ila lazima ijulikane kabla. Fundi huiambia amri yake isingoje kufuli zaidi ya sekunde mbili. Isipolipata, ijiondoe kwenye foleni, ijaribu tena baada ya muda. Vilevile huchagua namna ya kuongeza. Hadi toleo la 10, PostgreSQL ilipoambiwa iongeze safu yenye thamani ya kuanzia, iliandika upya jedwali zima, mstari kwa mstari, ikiwa imelifunga muda wote huo; tangu toleo la 11, lililotoka mwaka 2018, hailazimiki kufanya hivyo kwa thamani isiyobadilika. Faharasa nayo, yaani orodha ya pembeni isaidiayo kutafuta jina haraka, hujengwa kwa moja ya njia mbili: moja huzuia maandishi yote hadi imalizike, na nyingine huchukua muda mrefu zaidi lakini huwaacha watu waendelee kuandika. Mtu anayejifunzia kazi katika jedwali la mistari mia moja hataona tofauti yoyote kati ya njia hizo. Tofauti huonekana penye mistari milioni tano, nayo huonekana saa nne asubuhi, siku ya kliniki.

Wakubwa nao hawasalimiki. GitHub, ghala kubwa ambamo waandishi wa programu wa dunia nzima huweka kazi zao, hufanya mabadiliko ya majedwali yake makubwa polepole kwa majuma kadhaa, kwa kulijenga jedwali jipya pembeni mwa lile la zamani. Tarehe 27 Novemba 2021 hatua ya mwisho kabisa, ile ya kubadilishana majina kati ya jedwali jipya na la zamani, ilisababisha seva nyingi za kusomea zifungane zenyewe kwa zenyewe, na huduma ikayumba kwa karibu saa tatu. Majuma ya uangalifu yalikwamia katika hatua ya mwisho.

Turudi kwenye mfano wetu. Safu mpya ikiwapo, hutolewa toleo la programu linaloandika sehemu mbili: karani akiingiza mgonjwa mpya, umri unaandikwa katika safu ya zamani na tarehe ya kuzaliwa katika safu mpya. Kusoma bado kunafanywa kutoka safu ya zamani. Huu ndio wakati ambao pantoni na daraja viko mtoni pamoja, na wapo wanaouona kuwa ni upotevu, kwa sababu kazi moja inafanywa mara mbili. Kwa maoni yangu ndio wakati wenye thamani kuliko yote, maana kosa lolote linaweza kurekebishwa bila mgonjwa kujua.

Kisha huja kazi ya kuijaza safu mpya kwa watu wa zamani, na hapa si kompyuta inayotaabisha bali ukweli. Mtu aliyeandikwa kuwa na umri wa miaka 34 tarehe 12 Machi 2019 alizaliwa lini? Twajua tu kwamba ni kati ya 13 Machi 1984 na 12 Machi 1985. Programu nyingi, zikilazimishwa kuweka tarehe kamili, huweka tarehe 1 Januari, na baada ya miaka michache hospitali hujikuta na wilaya nzima iliyozaliwa siku ya mwaka mpya. Kwa mtu mzima hasara yake huenda ikawa ndogo. Lakini mtoto aliyezaliwa Septemba akiandikwa 1 Januari ya mwaka ule ule, mashine humwona ana miezi minane zaidi ya aliyo nayo: itamhesabu kuwa ameruka chanjo ambazo wakati wake haujafika, na muuguzi atamsumbua mama yake bure. Muuguzi akisumbuliwa na orodha za uongo mara tatu, ya nne haisomi, hata kama ni ya kweli.

OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutengenezwa mwaka 2004 na ambao moja ya vitovu vyake vya mwanzo ni Eldoret, Kenya, katika mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulilitatua jambo hili kwa unyenyekevu. Pembeni mwa tarehe ya kuzaliwa una safu nyingine inayosema kama tarehe hiyo ni ya hakika au ni ya kukadiria. Ni safu ya ndiyo au hapana tu, lakini inamruhusu bibi kizee wa Kivinje aliyezaliwa kabla ya Uhuru, na ambaye hakupewa cheti cha kuzaliwa, aandikwe bila kusingiziwa tarehe. Mabadiliko mema ya hifadhidata aghalabu ni ya namna hiyo: huacha nafasi ya kusema kwamba jambo halijulikani.

Kujaza kwenyewe hakufanywi kwa amri moja kubwa. Amri igusayo mistari milioni tano kwa pamoja hushika mistari hiyo yote hadi imalizike, na ikikatizwa katikati na umeme, kazi yote huanza upya. Hujazwa kwa mafungu, tuseme mistari elfu moja, kisha hupumzika, kisha elfu nyingine, na mahali ilipofikia huandikwa. Ikichukua siku tatu, na ichukue siku tatu.

Baada ya hapo ndipo programu huanza kusoma kutoka safu mpya, nayo ikiendelea kuandika zote mbili, na kila usiku hesabu mbili hulinganishwa: je, umri unaotokana na tarehe ya kuzaliwa waafikiana na umri ulioandikwa siku ya ziara? Zisipoafikiana, kusoma kunarudishwa kwenye safu ya zamani kwa kubadili neno moja katika programu. Data haikupotea, kwa kuwa safu ya zamani haikuacha kuandikwa.

Swali ambalo vijana wa kazi hii huliuliza ni hili: hali hiyo ya kuandika mara mbili iendelee kwa muda gani? Katika mji mkubwa, ambako seva zote zi chumba kimoja na hupewa programu mpya ndani ya saa moja, jibu laweza kuwa siku chache. Katika wilaya ya Kilwa jibu ni tofauti. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Kabla ya mambo kutulia, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania nzima na katika nchi jirani. Zahanati inayotunza kumbukumbu zake katika tarakilishi ndogo na kuzipeleka wilayani mtandao unapopatikana, katika mwezi kama huo hubaki na programu ya zamani. Itakaporudi, italeta mistari yenye umri na isiyo na tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa safu ya umri imekwisha kufutwa kule makao makuu, mistari hiyo itakataliwa, na wagonjwa wa mwezi mzima hawatahesabiwa. Na wasiohesabiwa hawaagiziwi dawa. Kwa hiyo muda wa kungoja haupimwi kwa kalenda ya fundi. Hupimwa kwa zahanati iliyo mbali kuliko zote. Siku ile itakapotuma taarifa kwa programu mpya, ndipo hesabu ianze.

Hadi hapa nimesema kana kwamba fundi ni mmoja. Kwa kweli programu za leo hutengenezwa na vikundi vya watu walio miji mbalimbali, na hatari nyingine ni kwamba hifadhidata ya mmoja iwe na umbo ambalo ya mwenzake haina. Zamani mtu aliingia katika seva, akaandika amri kwa mkono, akatoka, na miezi sita baadaye hakuna aliyejua ni nani aliongeza safu ile wala kwa nini. Siku hizi kila badiliko huandikwa katika faili lenye namba yake, nalo huhifadhiwa pamoja na msimbo wa programu. Hifadhidata yenyewe huwa na jedwali dogo la kukumbuka ni namba zipi zimekwisha kutekelezwa, na chombo maalum huzitekeleza zilizobaki kwa zamu. OpenMRS hutumia chombo kiitwacho Liquibase; DHIS2, mfumo nitakaoueleza punde, hutumia Flyway. Kanuni yake kuu ni moja: faili lililokwisha kutekelezwa mahali popote halihaririwi tena. Likiwa na kosa, huandikwa faili jingine la kulirekebisha, kama mhasibu asiyefuta tarakimu katika leja bali huandika mstari wa marekebisho chini yake. Vyombo hivyo huweka hata alama ya hesabu kwa kila faili, ili mkono uliogusa la zamani ugundulike.

Faili hilo husomwa na mtu wa pili kabla ya kutekelezwa, na hujaribiwa katika nakala yenye ukubwa sawa na hifadhidata halisi. Nakala hiyo isiwe na majina ya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu mafundi kama inavyowahusu madaktari.

Yuko atakayesema: kwa nini tusiunde hifadhidata isiyohitaji kubadilishwa umbo kamwe? Wazo hili si la kipuuzi, na Afrika Mashariki limefanyiwa kazi kuliko mahali pengi. Huko Eldoret, kila jambo lililoonwa kwa mgonjwa, liwe uzito, joto au jibu la maabara, huandikwa kuwa mstari katika jedwali moja refu, pamoja na namba ya dhana iliyopimwa. Daktari akitaka kuuliza swali jipya, huongezwa dhana katika kamusi ya mfumo; safu haiongezwi. DHIS2 yafuata njia iliyo karibu na hiyo. Mfumo huu ulizaliwa na mradi wa HISP ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Zanzibar ilitumia toleo la awali katikati ya miaka ya 2000, Kenya ikaueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikamilisha kuueneza wilayani mwaka 2013. Ndani yake tarakimu kutoka kila kituo ni mstari unaosema: ni kitu gani, cha kipindi gani, cha kituo gani, cha kundi gani, na ni ngapi. Fomu ya MTUHA ikibadilika, wasimamizi hubadili maelezo ya fomu. Umbo la jedwali halitikisiki.

Ni ushindi mkubwa, lakini hatari haikuondoka. Imehama kutoka kwenye umbo kwenda kwenye maana, na huko hakuna kufuli wala mashine itakayosimama kumwonya mtu. Tuseme fomu ilikuwa na makundi mawili ya umri, chini ya miaka 5 na miaka 5 na zaidi. Fomu mpya ina makundi matano: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na 60 na kuendelea. Msimamizi asiye makini huligeuza jina la kundi la zamani «chini ya miaka 5» liwe «mwaka 1 hadi chini ya miaka 5», kisha huongeza mengine. Kompyuta hairuhusu tu, bali humshukuru. Kuanzia hapo mchoro wa malaria ya watoto katika wilaya huonyesha anguko la ghafla katika mwezi mmoja, na mtu anaweza kupongezwa kwa vyandarua ambavyo havikugawiwa. Njia ya salama ni ile ile ya mtoni: makundi mapya yaundwe kwa namba mpya, ya zamani yafungwe bila kugeuzwa jina, na jumla ya chini ya miaka 5 ikokotolewe kwa kujumlisha makundi matatu madogo.

Mipaka ya utawala nayo hufanya hivyo hivyo. Mkoa wa Lindi ulikatwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ikawa mikoa mwaka 2012, na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Hifadhidata inayoandika jina la mkoa kwa kulifuta la zamani itasema kwamba Kilwa ya mwaka 1969 ilikuwa mkoa wa Lindi, jambo ambalo si kweli, na jumla za Mtwara za miaka hiyo zitapungua bila mtu kuzigusa. Inayoweka tarehe ya kuanza na ya kwisha kwa kila uhusiano wa wilaya na mkoa haitatizwi na matangazo ya serikali.

Lipo jambo la nakala za akiba, ambalo kila mtu hulikubali na wachache hulifanya. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, akihangaika usiku na hitilafu, alifuta data katika seva isiyokuwa yenyewe. Kampuni hiyo ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala. Zilipotafutwa, ilionekana kwamba nyingine hazikuwa zikifanya kazi na nyingine hazikuwahi kuwashwa. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa kwa bahati saa sita hivi kabla, na kazi ya saa hizo sita ikapotea. Kwa hiyo kabla ya badiliko lolote linalofuta kitu, fundi asiulize kama nakala ipo. Aichukue, airudishe katika mashine nyingine, afungue mstari wa mgonjwa mmoja, na kuusoma.

Hatimaye safu ya umri huondolewa. Hata hapo haifutwi siku ya kwanza. Kwanza programu huacha kuiandika. Kisha hutafutwa nani mwingine anaisoma, maana daima yupo: karani wa takwimu mwenye ripoti aliyoitengeneza mwenyewe miaka minne iliyopita, ambayo haimo katika orodha ya mtu yeyote. Hapo safu hubadilishwa jina tu, iitwe «umri_usitumike», na huachwa hivyo mwezi mzima. Ikiwa simu italia kutoka ofisini kwake, jina hurudishwa kwa muda mfupi kuliko wa kuipokea simu yenyewe, naye husaidiwa kuigeuza ripoti yake isome tarehe ya kuzaliwa. Mwezi ukipita kimya, na mwisho wa robo mwaka nao ukipita kimya, huandikwa faili la mwisho katika mfululizo, lenye mstari mmoja tu wa kufuta, na mtu wa pili hulisoma.